Tupeane uzoefu: shada lako la harusi lilikuwaje, na maua uliyachaguaje?

FundiMaua (mleta uzi)
Habari zenu wapendwa. Naomba hapa tuweke visa vyetu wenyewe vya mashada ya harusi, yaliyokaa vizuri na yaliyotuangusha, maana picha tunazotumiana zinaonyesha shada limetoka kwenye ndoo sasa hivi, hakuna anayekuonyesha shada hilohilo limeshikwa saa saba mfululizo. Kutengeneza mashada ndo kazi yangu na kila bibi harusi anakuja na simu mkononi, dada nataka kama hili. Sawa mpenzi, ila ua la kwenye picha halijui jua wala joto la kiganja.

Naanza mimi. Shada langu la kwanza la kazi lilikuwa jeupe tupu, mawaridi na haidrenjia, yale maua ya kichwa kikubwa chenye vijiua vingi. Nililifunga saa kumi alfajiri, likapendeza mpaka nikalipiga picha kila upande, halafu nikalilaza mezani bila maji nikaenda kujiandaa. Saa sita mchana mawaridi yako vilevile ila haidrenjia zimelala, vile vijiua vyake vimelegea kama tishu iliyolowa, na mtoto wa watu akatembea siku nzima upande ulionyauka kaugeuzia tumboni. Hakunisema hata neno moja na hilo ndo liliniuma zaidi.

Baadaye nikaelewa haidrenjia inakunywa sana na inakunywa hata kupitia kichwa, ikilegea unakata shina upya unaizamisha yote kwenye beseni la maji baridi nusu saa mpaka saa moja, mara nyingi inarudi. Siku hizi maua yangu yote yanalala kwenye ndoo usiku mzima kabla sijayafunga, mashina yamekatwa mshazari, majani ya chini yametolewa yasioze ndani ya maji. Na shada linakaa majini mpaka dakika ya mwisho, unafuta mashina kwa taulo ndo unamkabidhi. Karibuni.

NuruM
Mi nawaonya kuhusu lili jamani. Nilizitaka nyeupe kubwa zile zilizofunguka kabisa na nilizipata. Tuko kwenye gari nikainama kuweka kiatu sawa, shada likagusa kifua cha gauni, kuinuka naona mistari mitatu ya rangi ya machungwa iliyoiva. Chavua, ule unga wa katikati ya ua. Mama mdogo kwa upendo wake akachukua kitambaa akakilowesha akasugua, basi ile mistari mitatu ikawa doa moja la kiganja kizima, na kwenye picha zote nimeinua shada mpaka karibu na kidevu kulificha.

Usisugue na usitie maji. Kung'uta, halafu bandika selotepu taratibu na kuivua, unarudia rudia mpaka unga uishe. Ila dawa yenyewe ni kuvitoa vile vichwa vidogo vya katikati mapema, ua linapoanza tu kufunguka, kabla havijapasuka na kutoa unga.

FundiMaua
Asante Nuru. Na lili mzinunue zikiwa bado zimefumba siku kadhaa kabla, zinahitaji muda wa kufunguka, ukizileta jana yake utabeba vitumba.

Bi S
Mimi kosa langu lilikuwa uzito. Tangu mdogo nilikuwa nimeshika kichwani lile shada refu la kushuka alilobeba Diana wa Uingereza kwenye harusi yake 1981, nikasema na mimi siku yangu lazima liporomoke mpaka magotini. Likatengenezwa kwenye kile kishikio cha plastiki chenye sponji ya maji ndani, na sponji ikishakunywa maji jamani ni mzigo. Nusu saa ya kwanza niko sawa, baada ya hapo kiwiko kinatetemeka, mabega yamepanda masikioni, na kazi yote ya fundi cherehani pale kiunoni haionekani hata kwenye picha moja kwa sababu nimesimama nyuma ya kichaka.

Mdogo wangu alipofika zamu yake nikamwambia jaza maji chupa ya lita moja na nusu, simama mbele ya kioo uishike usawa wa kitovu dakika ishirini ukitabasamu, ukimaliza ndo uniambie unataka shada la ukubwa gani. Alichagua la duara, dogo, la kushika kwa mkono mmoja. Na mkao ni hapohapo kitovuni, viwiko vimelegea, shada limeinama mbele kidogo ili watu waone nyuso za maua, sio mashina.

Kaka wa Bibi Harusi
Naomba na wanaume tuchangie. Shada la dada yangu nililifunga mimi mwenyewe, mawaridi na karnesheni, nilijifunza mwezi mzima kwa kutumia matawi ya uani. Siri yote iko kwenye mzunguko. Unashika ua la kwanza wima kati ya kidole gumba na cha shahada, la pili unaliweka kwa mshazari juu yake, la tatu mshazari uleule, kila mara upande mmoja, na kila baada ya maua mawili matatu unaligeuza shada mkononi. Ukikosea ukaweka moja kwa upande wa pili unalisikia kabisa, mashina yanagombana na shada linavimba upande. Ukipatia, yanajipanga chini kama miguu ya kigoda, unaweza kulisimamisha mezani lenyewe. Hapo unafunga kamba sehemu moja tu, pale yanapokutana, halafu utepe juu, pini unazichoma kuelekea juu ndani ya mashina ncha isimguse mtu.

Waridi nalo lina zile petali za nje ngumu zenye rangi ya kijani kwa mbali, nilidhani zimeharibika, kumbe ndo kinga yake, unazivua mbili tatu siku ya kufunga na ua linatoka safi.

Nilipoumia ni friji. Nilitaka kuwa mwangalifu nikaweka ndoo ya maua kwenye friji ya nyumbani yenye matunda. Asubuhi karnesheni zimejikunja zimesinzia, hazikufunguka tena. Matunda yanayoiva yanatoa gesi ya ethilini na karnesheni haiivumilii hata kidogo. Nilikaa sakafuni nikatoa moja moja, shada likabaki la mawaridi peke yake. Dada hajui mpaka leo kama lilipangwa kuwa tofauti.

FundiMaua
Kaka umenigusa sana. Chumba chenye ubaridi, giza na hewa, mbali na matunda, kinatosha kabisa kwa usiku mmoja.

Tumaini
Mie kwa ufupi, jamani nuseni kabla. Lili zangu zilinukia vizuri dukani, ndani ya gari lililofungwa vioo bwana harusi akaanza chafya na macho mekundu mpaka kwenye viapo. Alstromeria hazina harufu, zinadumu, ningezijua mapema ningebeba hizo.

Bi H
Wadada mimi bado miezi miwili na roho yangu yote iko kwenye piyoni, yale maua makubwa ya petali nyingi laini, muuza maua ananiambia msimu wake utakuwa umepita, je nimsisitize?

FundiMaua
Usimsisitize mpenzi. Msimu wa piyoni ni mfupi, nje ya hapo utapata chache na zilizochoka safari. Mwambie akutafutie mawaridi ya bustani, yale yenye petali nyingi yanayojaa kama kikombe, ukiyachanganya na ranunkulasi, viua vidogo vya petali nyingi nyembamba, unapata ule ujazo na ulaini unaoupenda. Halafu muombe afunge la majaribio, ulishike nyumbani siku nzima, uone jioni linafananaje.

Bi H
Nitafanya hivyo dada, asante. Na nikitaka kulitunza baadaye?

Bi S
Hapo nijibu mimi, la kwangu liko ukutani. Usisubiri linyauke, anza usiku uleule au kesho yake. Vua utepe kwanza maana pale palipobanwa ndo panapooza, gawa maua mafungu madogo, yaning'inize kichwa chini kwenye giza na pakavu wiki mbili tatu. Meupe yatageuka rangi ya chai, mekundu yatakaribia weusi. Utepe wangu niliufunga tena baadaye, kwenye shina lilelile.