Nani ana nguvu juu ya mauti, Mungu au shetani?

KijanaWaBusia: Habari zenu ndugu. Wiki jana tumemzika dada yangu huku Busia, asubuhi mchungaji mmoja akasoma Ayubu 1:21, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jioni mwingine akasimama palepale chini ya turubai akasema shetani ndo amemuua, Mungu haui mtu. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai mpaka kimepoa, akaniuliza, sasa ni nani amenichukulia mtoto? Nilikosa la kusema. Nimefungua Biblia ndo nimechanganyikiwa kabisa, Kumbukumbu la Torati 32:39 Mungu anasema yeye anaua na anahuisha, Waebrania 2:14 Ibilisi ndiye aliyekuwa na nguvu za mauti. Tushike ipi?

MamaTororo: Pole sana mwanangu. Soma Ayubu 2:6, shetani anaambiwa Ayubu yu mkononi mwako, lakini uhai wake utunze. Hana mamlaka yake mwenyewe, anapewa ruhusa.

KijanaWaBusia: Asante mama, lakini kama ni ruhusa si bado Mungu ndo amekubali? Hiyo siwezi kumwambia mama yangu.

Mwalimu_Jinja: Pole ndugu. Waebrania usikomee 14, soma na 15, inataja watu waliokuwa utumwani maisha yao yote kwa kuogopa mauti. Nguvu ya Ibilisi naiona hapo, kwenye hofu na dhambi, siyo kwamba yeye ndo anapanga nani afe leo, funguo za mauti anazo Yesu, Ufunuo 1:18. Na ile Kumbukumbu 32 ni wimbo wa Musa dhidi ya miungu ya uongo, Mungu anasema hakuna mwingine ila yeye, haielezi kila msiba umetokeaje. Tena Ayubu alipotamka yale maneno hakujua kilichozungumzwa mbinguni kati ya Mungu na shetani, sisi wasomaji ndo tunajua, yeye alikuwa baba amefiwa na watoto kumi siku moja. Mimi wale wachungaji wote wawili naona waliharakisha kumjibu mtu aliyekuwa bado analia. Paulo mwenyewe anayaita mauti adui, 1 Wakorintho 15:26. Msomee mama Yohana 11, Yesu alijua anaenda kumfufua Lazaro na bado akalia.

KijanaWaBusia: Mwalimu nimemsomea jana usiku. Tulipofika mstari wa 32, pale dada yake Lazaro anamwambia Yesu, Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa, akanishika mkono akasema rudia hapo. Nimerudia mara tatu.