Kompyuta nne, ruta moja: nani amevuta waya ndani ya nyumba ya kupanga?

Mama wa Leicester, Ijumaa usiku

Assalaam alaykum ndugu, na wakubwa shikamooni.

Naomba msaada katika jambo linalotutesa tangu tuhamie nyumba hii. Ni zile nyumba za matofali zilizoshikana mtaa mzima, sebule mbele chini, vyumba vitatu juu. Ruta iko sebuleni karibu na dirisha, ndipo faiba inapoingilia. Baba watoto anafanyia kazi chumba cha nyuma juu, kijana mkubwa ana kompyuta ya mezani, binti ana laptopu, na ipo moja ya zamani ya wadogo. Waifai ikifika huko juu imekwisha nguvu. Jumamosi watoto wana darasa la Kurani na ustadhi aliyeko Mombasa, na kila baada ya aya mbili sauti inakatika. Ustadhi anangoja, mtoto anaanza upya, inakatika tena. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jirani alitupa ruta yake ya zamani. Tukaiunga kwa waya na ruta yetu ili tupate matundu zaidi. Kompyuta mbili zikapata intaneti, mbili zikakosa, na kesho yake zikabadilishana. Tumeichomoa. Sasa ninunue nini, na nyaya zipite wapi bila kutoboa ukuta wa mwenye nyumba?

Fundi wa Reading, Jumamosi asubuhi

Waalaykum salaam, shikamoo mama. Kazi yangu ya kila siku ni nyaya hizi, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Nianze na ile ruta ya jirani, maana wengi wanakwama hapohapo. Kila kompyuta ikiwashwa huomba anwani, na ruta ndiyo inayogawa. Huduma hiyo ya kugawa huitwa DHCP. Mlipoweka ruta ya pili, mkawa na wagawaji wawili, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Kompyuta iliyojibiwa na ruta yenu ilipata njia ya kutoka nje. Iliyojibiwa na ruta ya jirani iliambiwa ipitie kwenye ruta hiyo, nayo haina njia yoyote ya kutoka nje. Ndiyo sababu zilikuwa zikibadilishana: ni suala la nani kawahi kujibu siku hiyo.

Unachohitaji ni swichi. Ni kisanduku kidogo chenye matundu 5 au 8, hakigawi anwani, hakina nywila, hakitaki kuwekewa mpangilio wowote. Waya mmoja unatoka tundu la LAN la ruta, yaani lile la kuunganishia kompyuta za nyumbani, hadi kwenye swichi, na kutoka hapo kila kompyuta inapata wake. Ya matundu 5 utaipata chini ya pauni 20. Ila hesabu vizuri: tundu moja linaliwa na waya unaotoka kwenye ruta, yanabaki manne, na kompyuta zako ni nne. Siku ukiongeza printa utajuta, chukua ya 8. Na hakikisha imeandikwa gigabiti, yaani mwendo wa megabiti 1000 kwa sekunde, kwa sababu za 100 bado zinauzwa.

Swichi iweke juu, kwenye korido ya vyumba. Hivyo ngazi itapandwa na waya mmoja tu, badala ya minne.

Kuhusu waya wenyewe, Cat5e unatosha na Cat6 ni mzuri zaidi. Vyote vinabeba gigabiti moja hadi mita 100, na nyumba yako haifiki hata robo ya hapo. Kinachonisikitisha ni watu wetu kuuziwa waya wenye herufi CCA. Huo ni alumini iliyopakwa shaba: ni wa bei rahisi, unakatika ukikunjwa, na umeme unapita kwa shida. Tafuta wa shaba tupu.

Njia yake: uteremshe pembezoni mwa ngazi, kati ya zulia na ubao wa chini ya ukuta. Hapo pana mwanya mdogo, waya unazama wenyewe ukiusukuma kwa kijiko cha mbao. Mahali pasipo na zulia tumia klipu za kubandika. Usiupitishe kwenye bawaba za mlango, utapondwa. Ukilazimika kutoboa, pata kwanza ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kwa ajili ya amana yako.

Tahadhari moja ya mwisho: kile kisanduku cheupe cha faiba ukutani kiunganishwe na ruta peke yake. Nimekuta nyumba tatu mwaka huu watu wameweka swichi katikati ya kisanduku na ruta, wakashangaa kompyuta moja tu ndiyo inapata, au hakuna kabisa.

Mjomba wa Muscat, Jumamosi mchana

Bi mkubwa, pole. Huku nyumba ni za zege na waifai haivuki ukuta wa pili. Sisi tulitumia mabomba ya simu yaliyomo ndani ya kuta tangu nyumba inajengwa: unafunga waya mpya kwenye ule wa zamani wa simu, mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Lakini bomba la umeme msiliguse hata kama lina nafasi. Waya wa mtandao haukai na waya wa umeme bomba moja.

Dada wa Columbus, Ohio, Jumamosi jioni

Kwa walioko Marekani: tazameni kama nyumba ina nyaya nene za duara za televisheni ya kebo. Tumenunua adapta mbili za MoCA, zinazopitisha mtandao kwenye nyaya hizo, moja karibu na ruta na moja ghorofani, hatukuvuta waya wowote mpya. Zile adapta za kupitisha mtandao kwenye soketi za umeme tulijaribu kabla, zikawa nzuri usiku na mbovu kila mashine ya kufulia ikiwashwa.

Mama wa Leicester, Jumatano

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Tumenunua swichi ya matundu 8 na waya wa Cat6 mita 50, na kijana amenunua vile vichwa vya plastiki vya ncha za waya na koleo la kuvibania, kasema anataka kujifunza. Kazi yote tumeimaliza jioni moja. Kompyuta tatu zinaonyesha 1000. Ya baba yake inaonyesha 100. Tumebadilisha tundu kwenye swichi, ni ileile 100.

Fundi wa Reading, Jumatano usiku

Basi swichi haina kosa, yaelekea ni waya huo. Ndani yake mna nyuzi nane, jozi nne. Mwendo wa 100 unahitaji jozi mbili tu, pini (vile vimeno vya chuma vya kichwa) namba 1, 2, 3 na 6. Mwendo wa 1000 unataka zote nane. Uzi mmoja wa buluu au wa kahawia usipogusa, mtandao unafanya kazi lakini unashuka.

Mwambie kijana ashike kichwa ule ulimi wa plastiki ukitazama chini, waya ukiingilia upande alipo yeye. Kuanzia kushoto: mchungwa-mweupe, mchungwa, kijani-mweupe, buluu, buluu-mweupe, kijani, kahawia-mweupe, kahawia. Vichwa vyote viwili hivyohivyo. Asifumue jozi zaidi ya sentimita moja hivi, na kila uzi ufike mwisho kabisa wa plastiki kabla ya kubana.

Mama wa Leicester, Jumamosi

Aliona. Alimulika kichwa kwa tochi ya simu, akaniita nitazame: nyuzi saba zimegota mbele, ule wa kahawia wa mwisho umebaki nyuma kama milimita mbili, pini yake imeshuka kwenye hewa tupu. Amekata, akazinyoosha nyuzi kwa vidole, akazikata sawa kwa mkasi, akabana upya. 1000.

Leo asubuhi mdogo wao amesoma Suratul-Mulk nzima, aya zote 30, ustadhi anamsahihisha papo hapo. Haikukatika hata mara moja.

Waya umebaki kama mita 15. Aliyeko Leicester au Loughborough na anauhitaji aniandikie, kijana atakuja kubana vichwa.