Mtathmini wa katuni aliyekuja na mizani ya dagaa: rudisha vitabu vyetu 11

Wakuu, nimekaa siku nne nikijizuia nisiandike nikiwa na hasira. Hasira zenyewe hazishuki, basi naandika hivi hivi. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye jukwaa la utani. Hapa naongelea mali ya marehemu.

Baba mkubwa alikuwa karani wa mizigo kwenye meli za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, njia ya Kisumu, Mwanza na Bukoba. Meli ikilala Kisumu wenzake walikimbilia mashati, yeye alikimbilia katuni. Superman, Hulk, kauboi wa kila aina. Jumuiya ilipovunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, Kisumu ikaisha na katuni za Kimarekani zikaishia hapo hapo. Ukifungua tranka lake unaiona historia hiyo kwa macho: chini Marekani, juu Sani, jarida letu la katuni, za miaka ya 1980, katikati hakuna kitu. Jumla 343. Nina uhakika na hesabu hiyo kwa sababu karani ni karani, aliziandika zote kwenye kaunta buku: namba, jina, toleo, tarehe aliyonunua, meli aliyokuwemo, bei. Shikeni habari ya hilo kaunta buku, nitalirudia.

Mzee alitutoka mwaka jana. Mama mkubwa yuko Pasiansi, hapa Mwanza, na binti mmoja wa kazi, paa linavuja, akaona auze. Jirani akamwambia kuna bwana mjini anajua "vitu vya kale", noti za zamani, stempu, redio za mbao. Mimi nilikuwa Geita msibani. Angenisubiri siku mbili tu! Mimi hapa Nyakato kazi yangu ni kujalidi vitabu na ripoti za wanachuo, karatasi naijua kwa kuinusa. Lakini ndugu siku zote si mtaalamu, mtaalamu ni mgeni mwenye miwani.

Bwana akafika. Kabla hajakaa akaomba 30,000 ya tathmini. Akapewa. Nini kilifuata, nawasimulia kama alivyonisimulia binti, maana yeye alisimama mlangoni muda wote.

Alikuwa analamba kidole. Analamba, anafunua, analamba, anafunua. Kisha anakishika kitabu kwa mkono mmoja na kukikunja jalada nyuma mpaka migongo inagusana, kama konda anavyokunja gazeti. Karatasi ya gazeti ya miaka hamsini hivi, iliyokaa kwenye unyevu wa ziwa, ukiikunja namna hiyo inapasuka pale kwenye pini. Ufa mmoja mgongoni unatosha kushusha bei. Hakufungua katikati kuangalia kama karatasi ya kati ipo au imechomoka. Pini kama zina kutu hakuangalia, wala hakuhesabu kurasa hata za kitabu kimoja.

Akatoa mizani. Ile ya kuning'iniza, ya ndoano, wanayopimia dagaa soko la samaki la Mwaloni. Binti anaapa ilikuwa bado na magamba. Akazishindilia katuni kwenye sandarusi, pembe zote zikajikunja, akainua: kilo 19 na robo. Akaandika kwenye kipande cha boksi: "Katuni mchanganyiko, 2,000 kwa kilo, 38,500." Toa 30,000 yake ya ada, mjane anabaki na 8,500. Maisha yote ya mtu ya kukusanya, bei ya kuku asiye na mapaja.

Mama mkubwa alipouliza mbona kidogo, akajibiwa zile za Kimarekani ni kopi za Uingereza, si orijino, ushahidi ni bei ya peni iliyoko kwenye jalada. Wakuu, hapa ndipo nilipotaka kuvunja simu. Vitabu vile vya peni vilichapwa Marekani, mtambo ule ule, siku zile zile, na vya senti. Walibadilisha bei tu juu ya jalada ili vipelekwe kuuzwa Uingereza. Vingine vikafika mpaka kwetu huku. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalijua jambo hilo na wanavinunua. Kuviita kopi ni ujinga.

Au ujanja. Maana kabla ya kuondoka aliomba vitabu vichache "vya sampuli" akavionyeshe wenzake. Mama mkubwa akamruhusu, akamwambia wabeja sana (asante sana kwa Kisukuma), akamfungulia geti mwenyewe. Sandarusi tu ndiyo alikataa isiondoke mpaka nirudi, Mungu ambariki.

Nikarudi. Nikakaa sakafuni na kaunta buku, nikatiki moja moja mpaka saa nane usiku. Zimepungua 11. Sasa nisikilizeni vizuri. Katuni ya Kimarekani yenye bei ya senti 12 imetoka kati ya 1962 na 1969, baada ya hapo zikapanda hadi 15. Yenye 9d, yaani peni tisa za zamani, ni ya kabla Waingereza hawajabadilisha pesa zao Februari 1971. Hizo ndizo za zamani kuliko zote kwenye tranka, na zilikuwa tisa tu katika 343. Zote tisa hazipo! Mbili zilizobaki kwenye hesabu ni Sani zilizochorwa na Philip Ndunguru mwenyewe, aliyefariki 1986. Waliomfuata waliendelea kuwachora wahusika wa Sani, Lodi Lofa na Ndumilakuwili, lakini anayezitafuta kweli anautafuta mkono wake. Mtu asiyejua lolote, anayepima kwa kilo, ameingiza mkono kwenye rundo la 343 na kuchomoa hizo 11 bila kukosea hata moja. Huyo ni kipofu wa aina gani?

Kabla hamjaanza: najua kuna watakaokuja na Action Comics namba 1 ya 1938, katuni ya kwanza ya Superman, iliyouzwa dola milioni 6 mwaka 2024. Binamu yangu tayari ameshaleta hiyo skrinishoti kwenye grupu la familia na anataka tugawane urithi wa mabilioni. Tulieni. Ile ilikuwa ya senti 10, ilikuwa na alama 8.5 kati ya 10 za kampuni ya CGC inayopima hali ya katuni huko Marekani, na zilizosalia duniani ni chache mno. Uzee peke yake hauleti pesa. X-Men namba 1 ya 1991 ilichapwa zaidi ya nakala milioni 8, kila mtu akaiweka kabatini akisubiri utajiri, leo hainunui hata debe la mahindi.

Nasi hatuko safi. Marehemu aliandika herufi za jina lake kwa kalamu ya bluu juu ya kila jalada. Dada yangu, kwa nia njema, alizibandika selotepu kama ishirini hivi na kuzipiga pasi "zinyooke"; gundi imeshakuwa ya kahawia na imeingia ndani ya karatasi, haitoki tena. Na za 1974 na 1975 za kampuni ya Marvel zilikuwa na stempu ndogo kwenye ukurasa wa barua, watoto wanakata na kukusanya. Nimefungua moja moja: kumi na saba zina tundu. Hulk namba 181 ya Novemba 1974, inayosakwa sana na wakusanyaji, ikiwa na tundu hilo hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Hatukuwa nayo, msinijie PM.

Kwa hiyo sidai mamilioni. Nyingi humo ni za bei ya soda, nakubali. Za kwetu, Sani, hazina hata kitabu cha bei, inabidi ujue nani anazitaka na anazitaka kwa nini. Kinachonikera ni kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mpimaji na mnunuzi. Anayetaka kununua ataona kutu hata pasipo na pini.

Jina lake silitaji, yeye mwenyewe anajijua, na najua yumo humu kwa sababu jirani ndiye alimpata humu humu. Hadi Jumamosi hizo 11 ziwe Pasiansi. Ile 30,000 atakaa nayo akanunulie mizani nyingine.

UPDATE saa 3 usiku: Amepiga. Ananiita kaka mkubwa sasa. Anasema atarudisha tisa, mbili zililowa na mvua akazitupa. Nikamwambia haya, nimefungua kaunta buku hapa, nitajie ni zipi hizo mbili nizikate. Kimya. Nikasikia mtu upande wake anauliza "zile za peni niziweke wapi?" Akakata.