Mjadala: Z/28 ya 1969 imepoteza injini yake. Bloku ya injini ya kuziba pengo ipigwe namba za gari, au iachwe?

Dada Spana (mleta mada)

Wakuu, gari ni Chevrolet Camaro ya 1969, Z/28 ya kweli, yaani lile toleo la mbio lenye injini ya inchi za ujazo 302. Karatasi ya kiwandani ipo, kibati cha bodi kina X77 (alama ya Z/28), na giaboksi ya mkono ya Muncie ina namba inayolingana na ya gari. Injini ndiyo iliyopotea. Ndani imekaa 350 ya pikapu. Mwenye gari anataka lirudi lilivyotoka kiwanda cha Norwood, Ohio. Amenunua bloku yenye namba ya kalibu (iliyomiminwa pamoja na chuma) 3970010, bolti nne kwenye beringi kuu za katikati, na tarehe ya kumiminwa inaingiliana vizuri na tarehe ya gari.

Swali ni moja. Bloku ikishachongwa na kujengwa kuwa 302, ipigwe namba za gari hili pamoja na herufi DZ za injini ya Z/28, au bapa la namba liachwe? Huko Marekani wapo wanaoita kazi hiyo ukarabati na wapo wanaoiita ughushi. Mwenye hoja ya kifundi atupe na vipimo.

Mzee Kabureta

Naanza mimi, na najua nitapigwa mawe. Ipigwe.

Kukarabati maana yake ni kurudisha kitu kilivyokuwa. Rangi ya gari hilo ni mpya, stika za kichujio cha hewa zimechapwa juzi, hata alama za chaki ambazo wafanyakazi wa kiwanda walichora kwenye ekseli fundi wa leo anazichora upya kwa mkono wake. Hakuna anayelia. Chama cha NCRS kinachokagua Corvette kinapima gari linavyoonekana likilinganishwa na lilivyotoka kiwandani, na cheti chao cha Top Flight kinahitaji asilimia 94. Iweje herufi saba kwenye chuma ndizo ziwe dhambi?

Na msisahau kwamba kiwanda chenyewe kilikuwa kikibadilisha injini. Injini iliyokufa ndani ya waranti ilipewa bloku iliyopigwa CE, bila namba ya gari. Gari hilo lina injini halali ya General Motors, lakini leo mnunuzi akiona CE anakunja uso.

Mnunuzi Makini

Shikamoo Mzee, lakini hapo umechanganya mapambo na ushahidi.

Soma namba ya gari lenyewe: 124379N na tarakimu sita. 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni milango miwili ya paa gumu, 9 ni mwaka, N ni Norwood. Basi. Haisemi Z/28 wala 302. Camaro ya V8 ya kwendea sokoni na Z/28 zina mwanzo uleule. Pontiac wana kumbukumbu zinazoweza kuagizwa kwa namba ya gari, na Ford wa kuanzia 1967 wana ripoti ya Marti, inayotokana na kumbukumbu za kiwanda. Kwa Chevrolet zilizouzwa Marekani miaka hiyo hakuna daftari la namna hiyo; zilizopelekwa Kanada ndizo zenye bahati. Zile herufi X kwenye kibati zilianza Norwood Desemba 1968, kwa hiyo gari la mapema halina hata hizo.

Kinachobaki ni karatasi, kama panya hawakuila juu ya tangi la mafuta, na bapa la injini. Stika haithibitishi chochote, ndiyo maana hatuigombanii. Bapa linathibitisha. Ukiandika upya ushahidi umeharibu na ule wa wengine, kwa sababu kila bapa la kweli sasa litatiliwa shaka.

Kerezo

Kabla hamjakwenda mbali, tuelewane bapa ni nini, maana wengi wanalisikia tu.

Simama mbele ya gari. Kwenye injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, kuna kipande kidogo cha chuma kilicho laini. Hicho ndicho. Kina mapigo mawili tofauti. La kwanza ni la kiwanda cha injini, mfano V0112DZ: V ni Flint, 0112 ni Januari 12, DZ ni 302 ya Z/28. La pili ni la kiwanda cha gari, mfano 19N5 na kuendelea, yaani Chevrolet, 1969, Norwood, na namba ya mfululizo. Kwa magari mengine ya 1969 pigo hili la pili liko chini karibu na kichujio cha oili, kwa hiyo usiseme halipo kabla hujalala chini ya gari.

Mapigo hayo yalifanyika mahali pawili, siku tofauti, kwa vyuma tofauti. Herufi za kila pigo zilibanwa pamoja kwenye kishikio kimoja, zikakaa mstari mmoja. Ukiona mapigo yote mawili yana kina kilekile na umbo lilelile la tarakimu, mtu mmoja ameyapiga kwa mkupuo.

Halafu kuna mikwaruzo. Uso wa bloku na bapa vilikatwa pamoja kiwandani kwa mashine inayopita moja kwa moja, ikaacha mistari myembamba kutoka mbele kwenda nyuma. Mashine nyingi za karakana za leo zinazunguka, zinaacha vitao. Tochi ikilazwa pembeni, vitao vinaonekana wazi. Bapa linalong'aa kama kioo nalo ni la kuogopa.

Hapa ndipo injini nyingi halisi zilipouawa na mafundi wasio na nia mbaya. Mteja anasema "nyoosha uso wa bloku", fundi anakata inchi 0.005 kutoka mwisho hadi mwisho, na historia inakwenda na chipsi za chuma. Bapa liko mbele ya eneo la hedi, kwa hiyo mashine inaweza kusimamishwa kabla ya kulifikia. Kitabaki kingazi kidogo, hakidhuru. Mwandikie fundi kwenye karatasi ya kazi na uweke gundi ya karatasi juu ya bapa. Na bapa halisafishwi kwa msasa wala brashi ya waya: kitambaa na tinna tu, kisha picha.

Mzee Kabureta

Kerezo, umenisaidia bila kutaka. Kama karakana ndiyo iliyofuta namba za injini iliyozaliwa na gari hilihili, je, kuzirudisha ni ughushi?

Kerezo

Hilo ndilo swali gumu kweli. Picha ya kabla ikiwepo, na ankara ya fundi ikiwepo, moyo wangu unalegea. Lakini bapa lililopigwa upya litafanana na la mdanganyifu. Picha zikipotea kwa mmiliki wa tatu, ukweli wako utasomeka kama uongo. Mimi ningeliacha lilivyokatwa, nikaweka faili.

Kijana wa LS

Mnahangaika na herufi wakati 302 yenyewe ni injini ya mbio za enzi hizo: pistoni za inchi 4.000, mwendo wa inchi 3.000, mgandamizo 11 kwa 1, haina nguvu kwenye mizunguko ya chini. Weka LS3, V8 ya kisasa ya General Motors, ya aluminiamu, kama kilo 60 pungufu, nguvu farasi 430 zilizopimwa kihalali, si zile 290 za tangazo. Gari linawaka asubuhi bila kubembelezwa.

Mzee Kabureta

Kijana, LS3 ni injini safi, sibishi. Ila sema na gharama zake. Kabureta inaridhika na paundi 5 hadi 7 za msukumo wa mafuta. LS inataka 58. Hiyo ni pampu mpya ndani ya tangi, kichujio chenye regyuleta, na mabomba mapya. Sampu ya oili ya kawaida inagonga kwenye fremu, kwa hiyo unanunua nyingine. Vibao vya kuhamisha maunti, ekzosi, waya, kompyuta. Camaro ya 1969 ya kawaida ifanye hivyo, hata mimi nitapiga makofi. Z/28 yenye karatasi na giaboksi yake? Hapana. Mwaka huo zilitengenezwa 20,302 tu, na zenye karatasi ni chache kuliko hizo kwa mbali.

Fundi wa Ndani

Mnabishana juu ya kisichosukuma gari. Kuhusu usahihi wa ndani nina msimamo mmoja: nje iwe 1969, ndani iwe leo.

Mafuta ya 1969 yalikuwa na risasi na oktani ya juu. Petroli ya leo haina risasi, na siti za valvu za ekzosi kwenye hedi za kalibu 3927186 si ngumu. Zikitumika kwa kasi, valvu inazama kwenye siti taratibu na nafasi ya tapeti inajifunga. Chimba, weka siti ngumu upande wa ekzosi. Hakuna jaji wa maonyesho atakayeziona. Mgandamizo nao ushushe kwa kuchagua pistoni. Ukiweka gasketi nene ya hedi ya inchi 0.039 badala ya ile ya bati ya kiwandani, tayari umepunguza.

Kamshafti ni ya tapeti bapa ngumu, nafasi inchi 0.030 kwa valvu zote, injini ikiwa moto. Oili za kisasa za magari madogo zimepunguziwa zinki na fosforasi, na kamshafti mpya inaweza kulika ndani ya nusu saa ya kwanza. Tafuta oili yenye fosforasi kama sehemu 1,200 kwa milioni. Pasi ya kwanza iwe dakika 20, injini ikizunguka mara 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, isiachwe ingurume taratibu hata dakika moja. Ndiyo maana muda wa plagi na mafuta kwenye kabureta viwe tayari kabla hujawasha.

Na hili la spea za zamani ambazo hazijawahi kufunguliwa boksi: cha chuma, nunua; cha mpira, usinunue. Hosi ya breki iliyokaa kwenye rafu tangu 1969 ni mzee wa zaidi ya miaka 50 aliyevaa nguo mpya. Vivyo hivyo kapu za wilisilinda, diafram ya pampu ya mafuta, na tairi. Ethanoli iliyo kwenye petroli ya Marekani inamalizia kazi. Weka hosi mpya zinazofanana na za zamani.

Mnunuzi Makini

Nakubaliana na hayo yote, kwa sababu siti ngumu haimdanganyi mtu.

Turudi kwenye mada. Kuna suala la sheria. Kufuta au kugeuza namba ya utambulisho wa gari ni kosa la shirikisho Marekani, na majimbo yana sheria zao juu yake. Kansas, mwaka 2017, polisi walishikilia Corvette ya 1959 kwa sababu kibati cha namba kilitolewa na kurudishwa wakati wa ukarabati. Mwenye gari hakuwa mwizi wala gari halikuwa la wizi, na jimbo lilirekebisha sheria mwaka 2022 baada ya mvutano mrefu. Hicho kilikuwa kibati cha kweli, kilitolewa tu na kurudishwa. Sasa fikiria ukaguliwe na namba ulizopiga wewe mwenyewe.

Mzee Kabureta

Kibati cha gari na pigo la injini ni vitu viwili, usitutishe. Mbona wapo wanaopiga na kuandika wazi kwenye hati ya mauzo kwamba bloku ni ya kubadilishwa?

Mnunuzi Makini

Hati ya mauzo inakaa kwenye droo. Namba inakaa kwenye injini. Gari likiuzwa mara tatu, kipi kitabaki?

Kerezo

Dada Spana, kuna jambo hatujakuuliza. Hiyo bloku uliyosema, bapa lake limeandikwa nini sasa hivi? Nauliza kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye tarehe ya kumiminwa mwaka ni tarakimu moja: 9 ni 1969, na pia ni 1979, na bloku 3970010 zilimiminwa muda mrefu ndani ya miaka ya sabini. Herufi za mwisho kwenye bapa zikiwa tatu badala ya mbili, hiyo si ya 1969. Pili, 350 na 302 zina tundu la inchi 4.000 lilelile, kwa hiyo bloku hii ilikuwa ya gari fulani.

Dada Spana

Inasomeka V0318HW. Pembeni 19S7 na tarakimu tano.

Kerezo

S ni St. Louis. HW ni 350 ya farasi 350 yenye giaboksi ya mkono. Hiyo ni injini ya Corvette ya 1969, Dada, na namba ya mfululizo ya gari lake unayo mkononi.

Mzee Kabureta

Lo.

Hiyo msiiguse. Kupiga namba kwenye bapa tupu nitaendelea kutetea, lakini kufuta ya mwenzio ili uandike yako, hapana. Yupo mtu mwenye Corvette anayetafuta chuma hicho.

Mnunuzi Makini

Na pengine Corvette yake tayari imepigwa namba hizohizo kwenye bloku nyingine. Hapo zitakuwa mbili.

Fundi wa Ndani

Zipimwe kuta za silinda kwa kifaa cha mawimbi ya sauti hata hivyo, kabla ya kumtafuta mwenye Corvette tumuuzie. Kama imeshapanuliwa inchi 0.060 na ukuta umeshuka chini ya 0.100, itahitaji slivu, na ni haki ajue kabla ya kukubaliana bei. Pesa atakayolipa ndiyo ya kununulia 3970010 nyingine, au 3956618 kama tarehe ya gari inaruhusu. Gari lilitoka mwezi gani?

Dada Spana

Aprili. Mwenye gari amekubali kusubiri. Picha za bapa nitapiga kesho asubuhi kwa mwanga wa pembeni, bila msasa.