Tupeane uzoefu: pombe ukumbini, pale upande mmoja wanakunywa na mwingine hawanywi

Katibu Kamati

Wakuu, heshima kwenu. Kila kamati ya harusi ikifika kwenye kifungu cha vinywaji, kikao kinakwama. Bwana harusi Mkatoliki, bibi harusi TAG (Mpentekoste). Au wote KKKT (Walutheri) lakini wajomba wameokoka. Naomba tupeane utaratibu: mnapangaje, mnanunua kiasi gani, wapi panaharibika. Mabishano ya aya tuyaache kwa leo.

Nianze na linalosahaulika kuliko yote: jueni sherehe ni ya nani. Sendoff ni ya nyumbani kwa binti, wanaoamua ni wazazi wake na kamati yao. Sherehe ya siku ya ndoa ni ya upande wa bwana. Kwa hiyo inawezekana kabisa Ijumaa ikawa soda tupu na Jumamosi ikawa kreti za bia, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Ugomvi unaanza pale upande mmoja unapopeleka masharti kwenye sherehe ya wenzao kadi zikiwa zimeshachapwa. Mshenga alimalize hili mapema, wakati ule ule wa kupanga tarehe. Likisubiri kikao cha mwisho litaamuliwa na mwenye sauti kubwa.

Mzee wa Usharika

Katibu, umeanza vizuri. Mimi niongeze kwamba jina la dhehebu peke yake halitoshi.

Wakatoliki hawana katazo la pombe. Kinachokemewa ni ulevi. Waorthodoksi, ambao Kagera wapo, wana kikombe cha divai ndani ya ibada yenyewe ya ndoa, bwana na bibi wanakinywea pamoja. Kwa hao swali la "je, inaruhusiwa" halipo, swali ni kiasi.

KKKT ni moja tangu 1963 lakini iliunganisha makanisa saba, na kila eneo lilikuja na malezi yake. Mlutheri wa kawaida hatatengwa kwa glasi ya divai. Hata hivyo kumbi nyingi za usharika hazipokei pombe kabisa, na hilo huwa limeandikwa kwenye mkataba wa ukumbi. Someni mkataba kabla ya kulipa utangulizi.

Anglikana ndio wanaowachanganya watu. Dayosisi zilizotokana na misheni ya CMS, kama za Dodoma na Morogoro, zililelewa na uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na mlokole wa huko hagusi. Zilizotokana na misheni ya UMCA, Masasi, Zanzibar, Tanga, mambo yao yanakaribia ya Wakatoliki. Ukiambiwa "sisi ni Anglikana", uliza wa wapi.

TAG, EAGT na FPCT za Kipentekoste, AIC (Africa Inland Church), Baptisti na Jeshi la Wokovu: hesabu kwamba hakuna pombe, na wengi wao hawataki pia muziki wa dunia. Msipange kuwashawishi. Kwa Moravian, muulize mchungaji wa ushirika husika, usikisie.

Halafu Kilimanjaro. Wakatoliki walifika Kilema 1890, Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame 1893, na mpaka leo dhehebu linafuata kijiji. Ndoa ya Kibosho na Machame ni ya madhehebu mawili hata kabla hamjauliza, na pande zote mbili zina wazee wanaotegemea mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

Mama Suji

Niwasemee Wasabato, maana wenzetu wengi wanadhani kwetu ni kutoa bia tu basi.

Kutokunywa kilevi ni sehemu ya ahadi za ubatizo, kwa hiyo msimwombe mzee wa kanisa "alegeze kidogo". Meza ya Bwana yenyewe tunatumia maji ya zabibu yasiyochacha. Nguruwe hayumo. Wengi hawanywi chai ya majani wala kahawa, kwa hiyo kwenye meza ya vinywaji vya moto wekeni maziwa, kakao, au chai ya mchaichai.

Linalokwamisha kamati mchanganyiko ni saa. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Harusi zetu nyingi ni Jumapili. Kama mmepanga gari la soda na barafu lije Jumamosi saa nne asubuhi, hakuna ndugu wa upande wetu atakayekuja kulipokea, kulipa wala kubeba. Soda ziingie stoo Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, barafu ije Jumapili asubuhi. Upambaji vivyo hivyo: umalizike Ijumaa mchana, au uanze Jumamosi baada ya saa moja usiku.

Na shampeni. Usimwambie mzee "haina kilevi" ukaishia hapo. Mwonyeshe chupa. Soma lebo: inayosema 0.0% ni tofauti na ile iliyoandikwa tu kwamba haina kilevi, kwa sababu nchi nyingi huruhusu maneno hayo hadi 0.5%. Bora maji ya zabibu yenye gesi. Bia ya 0.0% msiilete meza kuu hata kama ni halali kwenye karatasi. Kwenye picha itaonekana bia, na picha ndizo zinazofika kanisani Sabato inayofuata.

Kaunta ya Ukumbi

Nije na hesabu. Chukulia wageni 300, na kamati imekadiria wanywaji 120 (hesabuni kwa majina kwenye orodha ya kadi, msikadirie kwa asilimia). Sherehe ya muda wa saa tano, bia nne kwa mnywaji: chupa 480. Ongeza sehemu moja ya kumi, 528. Kreti za bia hazina idadi moja, hutegemea kampuni na ukubwa wa chupa, kwa hiyo agizeni kwa chupa.

Soda: wasiokunywa 180, tatu kila mmoja, ni 540. Na hapa ndipo kamati zinapoanguka: mnywaji wa bia naye anakunywa soda wakati wa chakula. Ongeza 120. Jumla 660, yaani kreti 28 za chupa 24. Maji ya nusu lita mawili kwa kila mtu, katoni 25. Harusi ambayo soda zinaisha saa tatu usiku huku bia zimejaa ni aibu kubwa kuliko ya bia kuisha, kwa sababu waliokosa ni wazee, watoto na walokole, na watasema mmefanya makusudi.

Barafu: nusu kilo kwa mgeni kwa joto la Dar. Barafu peke yake inapoza polepole. Tia maji mpaka yafunike mabega ya chupa, na chumvi ya mawe. Chupa inapoa ndani ya dakika arobaini hivi. Soda na bia zikae mapipa tofauti. Mhudumu mwenye haraka akiingiza mkono kwenye pipa lililochanganywa atatoa chochote, na chupa ya bia ikitua mbele ya mchungaji huwezi kuirudisha kimya kimya.

Pombe kali nashauri msiweke mezani. Chupa ya mililita 750 inatoa vipimo 25 vya mililita 30 ikipimwa, lakini mezani hakuna anayepima. Ikae kaunta. Na msidhani kuondoka kwa viroba (pombe kali ya pakiti) Machi 2017 kumemaliza tatizo. Siku hizi wanaingia na chupa ndogo kwenye koti.

MC wa Mbezi

Upande wa ratiba. Utaratibu wa kawaida kwenye harusi mchanganyiko ni awamu mbili. Awamu ya kwanza: maharusi wanaingia, sala, utambulisho, keki, shampeni isiyo na kilevi, chakula, neno la mchungaji, baraka. Mchungaji anasindikizwa na wazazi mpaka kwenye gari. Ndipo stoo inafunguliwa, kisha zawadi na muziki.

Ili ifanye kazi, chakula kitangulie zawadi. MC wengi wanaanza na zawadi kwa sababu watu wakishakula wanaondoka, lakini zawadi za ukoo huchukua saa nzima na nusu. Wanywaji wanakaa na kiu, wanaanza kutoka nje. Ukitazama sehemu ya kuegesha magari utaona buti zimefunguliwa, na ukumbi umebaki viti vitupu wakati wa neno la mchungaji.

Kingine, msimpe mchungaji sala ya kufunga sherehe. Mpeni ya chakula na baraka ya maharusi. Ukimwekea sala ya mwisho umemlazimisha akae mpaka saa sita.

Mzee wa Usharika

MC, hapo kwenye awamu mbili mimi nina shida. Ikifanywa kwa kumficha mchungaji ni udanganyifu, na yeye huwa anajua. Anayaona makreti mlangoni. Aambiwe wiki mbili kabla, na aliyefaa kumwambia ni baba wa bwana harusi, si katibu: "Baba Mchungaji, ukoo wetu una wanaokunywa. Tutaanza baada ya wewe kubariki." Wengi watashukuru na watajipangia muda wa kuondoka. Wa kanisa lisiloruhusu kabisa atawaambia wazi kwamba hatahudhuria ukumbini, au hatafungisha, na ni heri mlijue wiki mbili kabla kuliko siku yenyewe.

Na kuna hali ambapo awamu mbili hazifai: mchungaji akiwa ni baba au mjomba wa mmoja wa maharusi. Huyo haondoki. Hapo pombe isiwepo, wanaotaka wapangiwe kwingine baadaye.

MC wa Mbezi

Nakubali, Mzee. Ila kwa ukoo wa kutoka Rombo "kwingine baadaye" maana yake ukumbi unabaki na kwaya peke yake.

Mweka Hazina

Fedha. Aliyeokoka akichanga laki moja, hataki isomeke imenunua bia, na ana haki. Fungueni mifuko miwili tangu kikao cha kwanza. Mchango wa jumla unalipia ukumbi, chakula, mapambo, maji na soda. Pombe inalipiwa na orodha fupi ya waliojitolea, yenye mhasibu wake na risiti zake. Kwenye taarifa ya mapato na matumizi kifungu cha pombe kisionekane kabisa kwenye mfuko mkuu, hata kwa mkopo wa siku moja. Wakikopa kwenye mfuko mkuu "tutarudisha Jumatatu", umeshaharibu.

Ulizeni pia ada ya kuingiza vinywaji vya nje. Kumbi nyingine zinatoza kwa chupa, nyingine zinataka mnunue kwao tu. Ada hiyo ilipwe na mfuko wa pombe.

Fundi Keki

Watu wa vinywaji mmesahau kilevi kisichoonekana. Keki ya matunda kwa desturi hulowekwa kwa brandi au ramu, wiki kadhaa kabla. Kwa familia isiyokunywa, mwambieni fundi siku ya kuagiza, si siku ya kuonja. Zabibu kavu zinalowekwa vizuri kwa juisi ya machungwa usiku mzima, lakini keki hiyo haikai muda mrefu, ioke siku tatu nne kabla. Mwulizeni na mpishi wa ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), kuna wanaoipaka bia wakati wa kuchoma ili ngozi ipate rangi.

Binti Kibosho

Mbege. Haisubiri na haiahirishwi. Ndizi zinaiva, zinachemshwa, zinaachwa zichache karibu wiki, zinachujwa, halafu ndipo unachanganya na uji wa kimea cha ulezi jioni, asubuhi inanyweka. Gome la msesewe linatiwa kwa ajili ya uchungu. Siku inayofuata imeshakuwa kali, ya pili inaelekea uchachu. Kwa hiyo mwenye kupika apewe tarehe ya uhakika siku kumi kabla, na ijazwe siku ile ile.

Kwa ukoo wenye walokole, mbege ibaki nyumbani kwa wazee asubuhi, pale kwenye kibuyu na maneno ya ukoo, isiende ukumbini. Na wasiokunywa wapewe togwa, lakini ya siku ile ile. Togwa iliyolala siku mbili kwenye ndoo ya plastiki na joto si togwa tena. Hali kadhalika juisi ya nanasi iliyokamuliwa juzi.

Jirani wa Nairobi

Kwetu Kenya mambo yamerahisishwa na saa. Karamu ni mchana, bustanini au uwanja wa kanisa, kufikia saa kumi na moja watu wanatawanyika, na hakuna pombe. Wanaotaka wanakutana jioni mahali pengine kwa gharama zao. AIC na Waadventista wanahudhuria karamu bila wasiwasi. Ugumu unabaki kwenye ruracio (sherehe ya mahari) ya Wakikuyu, ambako wazee wanatarajia muratina, pombe ya asali. Familia zilizookoka huweka soda au hutoa thamani yake kwa fedha, ila wazee wa upande wa pili waulizwe kwanza. Kuletewa kreti ya soda bila taarifa wanaiona kama dharau.

Katibu Kamati

Shukrani. Swali la shampeni: chupa moja meza ya watu kumi inatosha?

Kaunta ya Ukumbi

Inatosha, mililita 75 kila mtu, ni ya kugonganisha glasi tu. Mbili za ziada meza kuu, wanywe na wapiga picha. Angalia kifuniko: chupa nyingi zisizo na kilevi zina kifuniko cha soda, hazipigi mlio, na MC anabaki ameishika hajui la kufanya. Nunua zenye kizibo. Zipoe kweli, saa nne kwenye friji, na isitikiswe. Ikiwa ya moto itamwagikia gauni. Elekeza pembeni, shika kizibo, zungusha chupa.

Kama meza zina mchanganyiko, chupa yenye divai ifungwe utepe shingoni na ije kwa sinia lake. Mhudumu mmoja, sinia moja, asibadilishwe katikati.

Mweka Hazina

Na wa stoo asaini kreti zilizoingia na tupu zilizotoka. Mkubaliane na wakala kabla kwamba zisizofunguliwa atazichukua. Wengi huchukua kreti nzima tu, chupa moja moja hapana. Zilizobaki zirudi kwa orodha ile ya waliojitolea.