Diski ya mfumo kwa seva ya nyumbani: GB 32, 128 au 500?

Mtunza_Picha:
Wakuu, habari za wakati huu. Naunda seva ya kuhifadhia mafaili nyumbani kutoka kwenye kompyuta ya zamani. RAM ni GB 16, ubao mama una nafasi nne za SATA (za kuchomekea diski kwa kebo) na moja ya M.2 (ya SSD ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao). Diski nne za TB 4 ninazo tayari, na ndizo zitakazojaza SATA zote. Nimekwama kwenye diski ya mfumo. Mkononi nina flashi ya GB 32 na SSD ya M.2 ya GB 128 iliyotoka kwenye laptop, au ninunue mpya ya GB 500.

Kazi yake ni picha na video za familia, karibu GB 800, na humo zimo picha za marehemu bibi ambazo hazipo popote pengine. Nitatumia OpenMediaVault kama mfumo wa uendeshaji wa seva, juu yake niweke Immich kwa picha na Jellyfin kwa filamu. Kila ninaposoma naambiwa mfumo wenyewe hautaki hata GB 16. Mbona basi wengine wanaweka GB 500?

Jabali88:
Mkuu, kwa mfumo mtupu hata GB 32 zinatosha na kubaki. Ila achana na hiyo flashi. OpenMediaVault imekaa juu ya Debian, aina ya Linux, inaandika logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) muda wote, na flashi za kawaida hazihimili hilo. Ipo programu-jalizi ya kupunguza maandishi hayo, lakini kama SSD unayo ya nini kuhangaika? Wanaotumia flashi bila shida wengi wapo kwenye Unraid, mfumo mwingine wa seva ambao ukishawaka unakaa kwenye RAM. Weka GB 128, songa mbele.

Binti_Waya:
Mtunza_Picha, nakubaliana na Jabali kuhusu flashi. Kuhusu ukubwa, naomba usiharakishe, maana hapo hujaulizwa swali lenyewe: data za Immich na Jellyfin zitakaa wapi? Mfumo haujawahi kunijazia diski. Programu zinazopanda juu yake ndizo zinazojaza.

Anza na Immich. Kwa kila picha inatengeneza vijipicha, na video inazigeuza zichezeke kwenye simu. Nyaraka zao zinasema vitu hivyo huongeza wastani wa asilimia 10 hadi 20 juu ya maktaba. Kwa GB 800 zako ni GB 80 mpaka 160, kabla hujapiga picha nyingine hata moja. Ukiviacha vyote kwenye diski ya mfumo, GB 128 imekufa. Ukivipeleka kwenye diski kubwa, hifadhidata (orodha ya taarifa za picha) inayobaki kwenye SSD huwa ni GB chache tu. Hiyo hifadhidata usiihamishe. Inataka SSD, na ndiyo inayofanya utafutaji wa picha uwe mwepesi.

Jellyfin nayo ina mabango ya filamu, picha ndogo za kupeleka video mbele na nyuma, na mafaili ya muda inapobadilisha umbizo la video wakati mtu anatazama. Filamu moja ndefu inaweza kuacha GB kadhaa pale mpaka itazamwe yote. Folda ya muda ielekeze kwingine tangu siku ya kwanza.

Kisha logi. Za mfumo zina breki: journald, programu inayozitunza, kwa kawaida haivuki asilimia 10 ya diski, na mwisho wake ni GB 4. Za kontena za Docker (vifurushi ambamo Immich na Jellyfin huendeshwa) hazina breki mpaka uiweke mwenyewe. Kontena moja ikilalamika kosa lilelile usiku kucha, asubuhi diski imejaa. Na OpenMediaVault ikijaa huioni ikisema imejaa: unaandika nywila sahihi, inakurudisha kwenye ukurasa wa kuingia, tena na tena. Nimewasaidia watu wengi waliodhani wamesahau nywila, kumbe ni diski.

Mtunza_Picha:
Asante sana dada, hapa nimepata mwanga. Kwa hiyo nikipanga vizuri, GB 128 inatosha? Na ingekuwa TrueNAS badala ya OpenMediaVault?

Binti_Waya:
Inatosha ukipanga hivi: mfumo, kontena na hifadhidata kwenye SSD, halafu picha, vijipicha na mafaili ya muda kwenye diski kubwa. Kwa hesabu zako utatumia GB 40 hivi. Ukitaka vijipicha navyo vikae kwenye SSD ili kurasa zifunguke haraka, nunua ya GB 500 bila kusita. Ukubwa unaongeza na uhai pia: Samsung 870 EVO ya GB 250 ina dhamana ya kuandikiwa jumla ya data TB 150, ya GB 500 ni TB 300.

TrueNAS inachukua diski nzima ya mfumo na haikuachii nafasi ya kuweka data. Kwa nafasi yako moja ya M.2, GB 500 ingepotelea pale. Kwake ningeweka ndogo kabisa.

Kabla ya kufunga, soma kitabu cha ubao mama. Nyingi zikipokea M.2 ya aina ya SATA huzima nafasi moja ya SATA, nawe unazihitaji zote nne.

Jabali88:
Hilo la nafasi kuzimwa ni kweli kabisa, watu wanadhani diski imekufa.

Mtunza_Picha:
Nimeangalia: SSD ya laptop ni aina ya SATA, na kitabu kinasema nafasi ya nne huzimwa. Nachukua NVMe, aina ya M.2 isiyopita njia ya SATA, ya GB 500. Hifadhidata nayo inahitaji nakala?

Binti_Waya:
Immich inajinakilia hifadhidata kila siku saa nane usiku na kutunza nakala 14, ndani ya folda ileile ya picha. Folda hiyo ikiwa kwenye diski kubwa, SSD ikifa unaweka mpya na kurejesha. Lakini picha za bibi zipatie diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Fanya hivyo kabla hujaanza kuzihamishia kwenye seva.