Tupeane uzoefu: umeongezaje protini kwenye chakula chako cha kila siku?

Kitindamimba_Same

Habari za muda huu wakuu. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili, wa jikoni kwako kabisa, sio wa kusikia.

Nianze mwenyewe. Mama yangu ana miaka 71, nilimleta Dar mwaka jana tunakaa naye Kimara. Nikaanza kuona akitaka kunyanyuka kwenye kigoda lazima ashike ukuta, halafu akishasimama anatulia kwanza kabla hajapiga hatua. Mi nikajua ni uzee tu. Siku tumeenda kliniki ya presha akakutana na afisa lishe, dada mmoja mpole sana, akamwambia mama nitajie kila ulichokula jana tangu umeamka. Mama akataja: asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili, mchana ugali na mchicha na maharage vijiko vitatu hivi, jioni uji mweupe. Yule dada akaandika yote, akachukua kalamu akazungushia neno moja tu, maharage. Akanigeukia akaniambia kwenye siku nzima ya mama yako protini ya maana iko hapa tu.

Niliumia jamani. Maana mama hakuwa analala njaa, nilikuwa najisifu kabisa kwamba anashiba.

Akatupigia hesabu. Mtu mzima kwa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, na wazee wengi wanashauriwa wafike gramu 1 mpaka 1.2 kwa kilo ili misuli isiishe. Mama ana kilo 58, kwahiyo angalau gramu 58 kwa siku. Ile chai na maandazi yake hata 8 hazifiki.

Sasa mama hataki vyakula vigeni na meno ya kutafuna nyama hana. Kwahiyo nikaamua simbadilishii chakula, nabadilisha kilichomo ndani. Uji ule ule wa jioni nikawa napika kwa maziwa nusu maji nusu, na ukikaribia kuiva naweka vijiko viwili vya karanga za kusaga, ila zikoroge kwanza pembeni na maziwa ya baridi maana ukitupia moja kwa moja kwenye uji wa moto zinashikana mabonge na mzee akikuta bonge mdomoni anaweka kikombe chini. Chai ikawa ya maziwa. Yai moja la kuchemsha kila asubuhi, hilo peke yake ni kama gramu 6. Maharage nikaacha kuhesabu kwa vijiko nikawa napima upawa mzima, na ugali nikapunguza kidogo ili nafasi ya maharage ipatikane tumboni, kwasababu sisi wengi sahani yetu ni mlima wa ugali na mboga imekaa pembeni kama mgeni.

Pia alipewa mazoezi ya kukaa na kusimama mara kumi asubuhi na jioni, hilo nisilifiche, chakula peke yake hakifanyi kazi yote. Baada ya kama miezi mitatu ananyanyuka bila kushika ukuta.

Haya, semeni nanyi. Ulikuwa unakula nini, umeongeza nini, na kipi kilikushinda?

Mwana_wa_Nansio

Umenigusa mkuu, na nashangaa hujataja dagaa. Mimi nimezaliwa Ukerewe, nimekulia kwenye dagaa. Gramu 100 za dagaa wakavu zina protini zaidi ya gramu 50, na unamla mzima na mifupa yake kwahiyo na madini ya chokaa unapata humo humo. Kwa mfuko wa mtu wa kawaida sijaona kitu cha kushindana naye.

Shida watu wa mjini hawajui kumchagua wala kumuandaa, wanapika mara moja unakuta ana mchanga na uchungu, basi nyumba nzima inamkataa milele. Dagaa anavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa hawavui kwasababu anafuata mwanga wa taa. Asubuhi anaanikwa. Aliyeanikwa juu ya chanja ni msafi, aliyeanikwa chini mchangani ndo huyo anayekutafunisha kokoto. Sokoni chota kiganjani umuangalie, anatakiwa awe anang'aa rangi ya fedha, mkavu, ukimvunja anakatika. Akiwa na rangi ya njano njano au harufu ya mafuta yaliyoharibika achana naye hata kama anauzwa bei ya kutupa.

Nyumbani: toa kichwa, na ukikitoa vizuri kinatoka na utumbo wake, uchungu wote uko hapo. Osha maji ya vuguvugu yenye chumvi mara tatu, kila mara unamuinua juu kwa mkono, usimwage maji na dagaa pamoja maana mchanga unakaa chini. Mchuje akauke. Halafu weka kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo, geuza geuza mpaka usikie analia kwa kukauka. Hapo unaweza kumuunga kwa nyanya na kitunguu na ndimu, au ufanye kama ninavyowafanyia wanangu, namsaga unga laini naweka kwenye chupa ya mfuniko. Kijiko kimoja cha chakula kwenye mchicha, kingine kwenye uji wa mdogo. Anza na kidogo wazoee harufu. Mtoto wangu wa pili alikuwa akiona dagaa analia, huu unga anakula mwaka wa pili sasa.

Fundi_Githurai

Niko Nairobi, kazi yangu ni ya mjengo. Zamani lunch ilikuwa chapati mbili na chai, ikifika saa tisa mikono inatetemeka. Siku hizi nakula githeri au ndengu kwa kibanda, na jambo nililojifunza ni hili: githeri nyingi za kibanda ni mahindi matupu na maharagwe ya kuhesabu. Nilimwambia mama wa kibanda anipakulie maharagwe zaidi na mahindi kiasi, akakubali, kwa bei ile ile. Mahindi na maharagwe yanasaidiana, kile ambacho protini ya mahindi imepungukiwa maharagwe yanacho, na kinyume chake. Wazee wetu walichanganya hivyo toka kitambo na hakuna mtu aliwapimia.

Nyumbani Jumapili mke wangu anachemsha maharagwe ya wiki nzima, anagawa kwa mikebe na kuweka kwa friza. Jioni ni kutoa mkebe mmoja na kukaanga kitunguu. Kabla ya hapo tulikuwa tunakula sukuma na ugali siku tano, kwasababu nani ana nguvu ya kuchemsha maharagwe masaa mawili akitoka kazi.

Muhaya_halisi

Senene. Msimu ukifika nanunua wengi, natoa mabawa na miguu, nakaanga nahifadhi. Kiganja kimoja jioni kinatosha. Ambao hamjazoea nawaelewa ila msiwaite wadudu mbele yangu.

Mama_Mbaazi

Mkuu wa Githurai umeongea point. Mimi ni wa Lindi, kwetu ni mbaazi na kunde, ila kilichonishinda miaka mingi ni gesi tumboni, nikila mbaazi usiku silali. Nikaacha kabisa, nikawa nakula wali na mchuzi mtupu.

Mama mkwe ndo alinifundisha. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, chemsha dakika kumi, mwaga tena, ndo ubandike na maji mapya. Magadi siweki, yanalainisha haraka kweli lakini yanaharibu baadhi ya vitamini na ladha inabadilika. Zikiiva zikaanza kupasuka natia tui la nazi, chumvi, pilipili nzima bila kuipasua, naacha ichemke taratibu mpaka tui lishike. Na anza na kikombe kidogo mara mbili kwa wiki, tumbo linazoea, usile sahani nzima siku ya kwanza halafu ukalaumu mbaazi.

Na kuna kosa nililofanya niwaambie mwingine asirudie. Nilisaga soya mbichi nikaweka kwenye uji wa mwanangu nikijua nampa nguvu, akaharisha siku mbili. Soya lazima uichemshe au uikaange iive ndo uisage, ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuisaga protini yenyewe. Nikikumbuka naumia mpaka leo.

Hosteli_life

Mi ni mwanafunzi, kupika haturuhusiwi. Chips kavu ilikuwa ndo maisha yangu. Nimebadilisha vitu viwili tu: mchana naagiza wali maharage badala ya chips, na mezani nina kopo la karanga za kukaanga na mtindi jioni. Kiganja cha karanga ni kama gramu 7, glasi ya mtindi kama 8. Ila karanga zikague moja moja jamani, iliyojikunja, yenye ukungu au chungu mdomoni tema, usimeze kwa kuona hasara. Ile sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi yote kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo, sio kitu cha kuchezea.

Mjukuu_wa_Tanga

Naomba kuuliza, baba yangu ana tatizo la figo, hayuko kwenye dialisisi (kusafishwa damu). Haya mambo ya kuongeza yanamfaa?

Kitindamimba_Same

Mkuu wa Tanga, tafadhali usiige chochote kwenye huu uzi kwa baba bila kumuuliza daktari wake. Mgonjwa wa figo ambaye hajaanza dialisisi mara nyingi anapunguziwa protini, akishaanza ndo hesabu inabadilika tena. Nenda na orodha ya anachokula kama tulivyofanya sisi, kila kitu, hata kipande cha muhogo.

Mwana wa Nansio, jana nilifanya kama ulivyoandika. Vichwa vilinichukua karibu saa nzima, maji ya kwanza yalitoka na mchanga mpaka nikaogopa, ya tatu yakawa meupe. Nikakaanga kavu nikasaga, nikaweka kijiko kimoja kwenye mchicha wa karanga bila kumwambia mama. Akala kimya. Alipomaliza akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho, akaniuliza hawa dagaa wamekaangwa na nani, maana wamekauka vizuri. Kumbe alijua toka tonge la kwanza. Kesho anataka waliokaangwa wazima, na ndimu.

Waliobaki endeleeni kushusha, hasa nyie wa wafugaji mnaotumia maziwa mgando, nataka kujua mnagandishaje bila friji.